Kijivu kilichopotea kwenye mandhari meupe

Swali

Shikamoo Mama. Nimetengeneza programu ya wavuti ya kupanga zamu za kazi. Niliijenga yote kwa mandhari meusi, maana mimi hufanya kazi usiku na macho yangu yamezoea huko. Miezi miwili iliyopita watumiaji wakaomba mandhari meupe. Nikageuza ukurasa ukawa #FFFFFF, kadi nikazipa #F5F5F5, maandishi makuu nikayafanya meusi. Mengine sikuyagusa. Tangu hapo nalalamikiwa kila siku. Tarehe na maelezo madogo hayaonekani, viungo vya kijani vinaumiza macho, lebo ya "Inasubiri" haisomeki, na kuna mtu ameniambia fomu haina mahali pa kuandika, ilhali visanduku vipo. Mimi nikiangalia kwenye skrini yangu naona kila kitu. Maandishi madogo ni #9E9E9E, viungo ni #00E676, lebo ni maandishi meupe juu ya njano #FFC107, na kingo za visanduku ni #E0E0E0. Nianzie wapi?

*Msanidi wa zamu*

Jibu

Marahaba mwanangu. Umefanya jambo ambalo wengi wanaoniandikia hawalifanyi: umeniletea namba za rangi. "Haionekani vizuri" tungeweza kubishania hadi kesho, lakini #9E9E9E inapimika, na nimezipima zote kabla ya kushika kalamu.

Lalamiko lililonigusa kuliko yote ni la huyo wa fomu. Niliwahi kutengeneza fomu ya kuingiza mizigo ghalani. Wiki ya pili ikaonekana karani anaandika idadi ya maboksi kwenye kisanduku cha uzito, tena si mara moja. Nikadhani hakufundishwa vizuri. Nikaenda kukaa naye asubuhi nzima. Skrini yake ilikuwa ya zamani, imefifia, na dirisha lilikuwa mgongoni mwake, mwanga unapiga kioo moja kwa moja. Nikamwona anaweka kidole kwenye kioo, juu ya neno "Uzito", anakiteremsha taratibu akitafuta kisanduku kinapoanzia, kisha anabofya kwa kukisia. Kioo kilikuwa na mstari wa alama za vidole kutoka juu hadi chini, palepale anapopapasa kila siku. Kingo za visanduku vyangu zilikuwa karibu sawa kabisa na #E0E0E0 yako. Tangu asubuhi ile sijapata kumjibu mtumiaji yeyote kwamba "mbona kwangu inaonekana".

Sasa tupime. Kipimo kinachotumika duniani kimo katika mwongozo wa W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, uitwao WCAG, ambao toleo lake la 2.0 lilitoka Desemba 2008. Unachukua mwangaza wa ile rangi inayong'aa zaidi (0 ni nyeusi tii, 1 ni nyeupe pe), unaongeza 0.05, kisha unagawanya kwa mwangaza wa ile iliyokoza, nao ukiwa umeongezwa 0.05. Rangi ikikaa juu ya yenyewe jibu ni 1 kwa 1. Nyeusi tii juu ya nyeupe pe ni 21 kwa 1. Maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike angalau 4.5 kwa 1. Maandishi makubwa, yaani pikseli 24 kwenda juu, au kama 18.7 yakiwa ya herufi nene, yanaruhusiwa 3 kwa 1. Hiyo 4.5 haikuokotwa njiani. Waandishi wa mwongozo walianza na 3, wakaipandisha ili imfidie mtu mwenye uoni wa 20/40, yaani anayelazimika kusogea hadi futi 20 ili aone anachokiona mwenye macho mazima kwa futi 40, ambao ndio uoni wa kawaida wa wazee wanaokaribia miaka 80. Kwa hiyo unapoipuuza 4.5, unajua unayemfungia mlango.

Kijivu chako #9E9E9E juu ya nyeusi kama #121212 kinapata karibu 7 kwa 1, ndiyo maana usiku ulikipenda. Juu ya #FFFFFF kinaanguka hadi 2.68. Juu ya kadi zako za #F5F5F5 kinaanguka zaidi, hadi 2.46. Kijani chako ndicho kimeporomoka kuliko vyote: 11 na ushei kwenye nyeusi, 1.67 tu kwenye nyeupe. Sababu ni kwamba katika hesabu ya mwangaza rangi tatu za skrini hazina uzito sawa. Kijani hubeba 0.7152, nyekundu 0.2126, bluu 0.0722. Kijani kinachowaka namna hiyo, kwa jicho, ni jirani wa nyeupe. Watumiaji wako hawadekezi macho. Wanajaribu kusoma mwanga ulioandikwa juu ya mwanga.

Lebo ya "Inasubiri" usiisingizie mandhari meupe. Maandishi yake hayakai juu ya ukurasa, yanakaa juu ya njano, na nyeupe juu ya #FFC107 ni 1.63 iwe mchana au usiku. Ilikuwa haisomeki tangu siku ya kwanza. Nadhani watu waliitambua kwa unjano wake tu, wala hawakuwa wakilisoma neno. Weka maandishi meusi juu ya njano hiyohiyo, utapata karibu 12.9, na irekebishe kwenye mandhari yote mawili.

Hapa ndipo nataka usimame kidogo, kwa sababu wengi wakishafika hapa hukosea upya. Utatafuta kijivu chepesi kuliko vyote kinachofaulu, utakutana na #767676, ambacho juu ya nyeupe ni 4.54, utafurahi na kukibandika kila mahali. Kisha kitakaa ndani ya kadi ya #F5F5F5 na kushuka hadi 4.17. Kimefeli, na wewe una cheti mkononi kinachosema kimefaulu. Pima rangi juu ya uso inakokaa kweli. Kama ina nyuso tatu, ukurasa, kadi na safu ya jedwali iliyochaguliwa, pima mara tatu, kisha chagua rangi inayofaulu kwenye uso mbaya kuliko zote. Kwako ningeweka #616161: juu ya ukurasa ni 6.19, juu ya kadi 5.68. Viungo nikavipa kijani cha #00703C, ambacho kinatoa 6.2 na 5.7, na nikavipigia mstari chini ili asiyetofautisha kijani na nyeusi ajue hapa pana kiungo. Wala usikadirie kwenda juu. #777777 ni 4.48, na 4.48 si 4.5, hata kama jicho haliwezi kukitenganisha na #767676.

Kingo za visanduku zina kanuni yake, iliyoingia na toleo la 2.1 la Juni 2018: kitu ambacho mtu lazima akione ndipo aweze kutumia kiolesura, kama ukingo wa kisanduku, alama ya tiki au aikoni isiyo na maneno, kifike 3 kwa 1 dhidi ya kinachopakana nacho. #E0E0E0 juu ya nyeupe ni 1.32. Jaribu #8C8C8C: 3.36 kwenye ukurasa, 3.08 kwenye kadi. Utaona kama kimekoza kupita kiasi siku mbili za kwanza. Vumilia. Mistari inayotenganisha safu za jedwali, ambayo ikiondoka hakuna anayepotea, iache ikiwa myepesi. Hiyo ni pambo na kanuni haiigusi.

Umeuliza uanzie wapi, na mpaka sasa nimekubadilishia rangi tu. Rangi zitarudi kuharibika mwezi ujao kama hutabadilisha jinsi zilivyopangwa. Nina hakika, bila kuiona programu yako, kwamba #9E9E9E imeandikwa kwa mkono kwenye mafaili mengi. Tafuta alama ya # kwenye msimbo wako wote wa mitindo. Kila rangi iliyoandikwa nje ya faili moja la rangi ni mtuhumiwa. Zihamishe ziwe vigeu, yaani majina yanayobeba rangi, vya CSS, ile lugha ya mitindo ya kurasa, na uvipe majina ya kazi, usivipe majina ya rangi. `--kijivu-4` haikuambii lolote siku ukurasa ukigeuka mweupe. `--maandishi-madogo`, `--ukingo-wa-kisanduku`, `--uso-wa-kadi` zinakuambia. Kisha kila jina lichaguliwe rangi mara mbili, mara moja kwa kila mandhari, na kila mara lipimwe. Kosa lako lilikuwa kudhani mandhari meupe ni meusi yaliyogeuzwa juu chini. Hayageuziki hivyo. Chukua nyeupe iliyopunguzwa nusu kwa `opacity`, amri inayofanya kitu kipitishe rangi ya nyuma yake, juu ya nyeusi tii: unapata 5.3. Chukua nyeusi iliyopunguzwa nusu ileile juu ya nyeupe pe: unapata 3.95. Nusu kwa nusu, moja imefaulu na nyingine imeanguka. Kwa hiyo, maadamu tuko hapo, ondoa `opacity` kwenye maandishi yote. Inaficha rangi halisi, na ukiibadilisha rangi ya nyuma, maandishi nayo yanabadilika bila wewe kugusa kitu.

Kuna masalia ya usiku ambayo hayataonekana kwenye orodha ya rangi, na haya ndiyo hunila muda mwingi kila ninapoitwa kusaidia. Kwenye mandhari meusi, safu inayoguswa na kipanya kwa kawaida hung'arishwa kwa utando wa nyeupe, tuseme asilimia 8. Utando wa nyeupe juu ya nyeupe haufanyi chochote. Mtu anapitisha kipanya na hakuna kinachojibu. Ugeuze uwe utando wa nyeusi. Mduara unaoonyesha kitufe gani kimeshikwa na kibodi, kama ulikuwa mweupe au samawati ya kung'aa, nao umepotea, na anayetumia kibodi pekee hajui tena yuko wapi. Upe rangi iliyokoza inayofika 3 kwa 1. Aikoni za picha zilizochorwa nyeupe zipo palepale zilipokuwa, ila hakuna anayeziona.

Na angalia kama uliandika `color-scheme: dark` mahali fulani juu kabisa ukaisahau. Tamko hilo humwambia kivinjari achore visanduku, orodha na mistari ya kusogezea kwa mtindo wa giza, na rangi ya maandishi yanayochapwa huwa nyeupe. Kama wewe umekipa kisanduku rangi nyeupe ya nyuma lakini hukutaja rangi ya maandishi, mtumiaji anachapa nyeupe juu ya nyeupe. Nimeona mtu akichapa nywila, jina na anwani yake yote akidhani kibodi imekufa. Tamko liwe `light` kwenye mandhari meupe na `dark` kwenye meusi, na rangi ya maandishi uitaje mwenyewe daima.

Kuhusu vyombo: kwenye Chrome, kagua kipengele, bofya kile kimraba cha rangi kando ya `color`, na uwiano utauona hapohapo. Kwenye zana zilezile kuna sehemu ya kuigiza mandhari meupe au meusi bila kugusa mipangilio ya kompyuta. Firefox nayo ina mkaguzi wake wa ufikivu. Vyombo vinavyokagua ukurasa mzima ni vizuri kwa kuanzia, lakini kwa maandishi yaliyowekwa juu ya picha au juu ya rangi inayofifia taratibu huwa havina jibu la uhakika. Hapo chagua mwenyewe sehemu iliyo mbaya zaidi nyuma ya herufi, upime hapo.

Halafu toka na simu nje, juani, mwangaza wa skrini ukiwa nusu, na usome ukurasa wa zamu kama mtu anayewahi kazini. Sababu ya wewe kuona kila kitu kwenye skrini yako ni kwamba unajua kila kitu kilipo. Mtafute mmoja wa waliokulalamikia, hasa huyo wa fomu, ukae pembeni yake bila kusema neno, na utazame vidole vyake.

Swali

Nimesoma kwamba kitufe kilichozimwa hakibanwi na kanuni ya 4.5 kwa 1. Basi ninaweza kukipa kijivu chochote?

*Anayependa kujua*

Jibu

Umesoma sawasawa: kipengele kisichofanya kazi kwa wakati huo kimesamehewa, pamoja na nembo na mapambo. Lakini msamaha huo haukutolewa ili ukitumie kwa raha. Fikiria mtu amejaza fomu ndefu, amefika mwisho, na "Tuma" imezimwa. Swali lake la kwanza ni hiki ni nini, la pili ni kwa nini hakibofyeki. Kama hata neno "Tuma" halisomeki, hana pa kuanzia kuuliza.

Mimi hufanya hivi: ninaacha maandishi ya kitufe yasomeke, ninaondoa ujazo wa rangi ili kisifanane na kitufe hai, na chini yake ninaandika kwa maandishi ya kawaida yenye uwiano kamili kinachokosekana: "Chagua tarehe ya kuanza kwanza." Mara nyingi hata sikizimi. Ninaacha kibofywe, kisha ninamwonyesha mtu kisanduku alichoruka. Hiyo inasaidia kuliko kijivu chochote.

Na usichanganye kitufe kilichozimwa na yale maneno mepesi ya kudokeza ndani ya kisanduku, kama "mfano: saa 2 asubuhi". Hayo ni maandishi kamili, hayajasamehewa. Yanatakiwa 4.5 kama mengine yote, na jina la kisanduku lisikae humo ndani pekee, kwa sababu mtu akianza kuchapa linatoweka.

Swali

Dada, mbunifu wetu ana jicho zuri na ninamheshimu, lakini kila nikikoza maandishi madogo anayarudisha kwenye kijivu chepesi. Anasema yakikoza ukurasa unakuwa mzito, kila kitu kinapiga kelele na hakuna kinachosikika. Kusema kweli naona ana hoja. Nimjibuje?

*Aliye katikati*

Jibu

Ana hoja, ndugu yangu, na ukianza kwa kumwambia hivyo mtaelewana haraka. Ukurasa ambao kila neno limekoza sawa unachosha. Anachotafuta ni daraja: hiki kikuu, hiki kidogo, hiki cha pembeni. Tatizo ni kwamba amebakiwa na chombo kimoja cha kuonyesha daraja, nacho ni kufifisha.

Mpe vyombo vingine. Kichwa kiwe pikseli 20 na herufi nene, maelezo yawe 15 na uzito wa kawaida. Nafasi kati ya kadi iongezwe. Maneno ya pembeni yapunguzwe idadi; nusu ya maandishi madogo ninayoyakuta kwenye violesura hayahitajiki kabisa, na yaliyofifishwa sana mara nyingi ndiyo hayo ambayo mbunifu mwenyewe hakuwa na uhakika kama yakae. Kati ya #212121 ya maandishi makuu, ambayo juu ya nyeupe ni 16.1, na #616161 ya madogo, ambayo ni 6.19, tofauti ni kubwa na inaonekana waziwazi. Hahitaji kushuka hadi 2.6 ili jicho lijue kipi kikuu.

Kama anapenda herufi nyembamba, hapo msilegeze. Mstari mwembamba wa herufi kwenye skrini haupakwi rangi kamili. Kingo zake huchanganywa na rangi ya nyuma ili zionekane laini. Rangi iliyoandikwa kwenye CSS inaweza kusema 4.6 huku kinachofika machoni ni chini ya hapo. Herufi nyembamba ipewe rangi iliyokoza zaidi, au iongezwe uzito.

Ninachokushauri ufanye kesho ni kuchapisha kurasa mbili za skrini ileile, yake na yako, lakini yako ukiwa umeipanga kwa ukubwa, uzito na nafasi, siyo kukoza tu. Ziweke ukutani, mrudi nyuma hatua nne, na umwombe asome tarehe kwenye zote mbili.